Mtwara hadi Mumbai: kilomita za ramani na saa za safari

Msimu wa korosho ukikaribia, wafanyabiashara wa Mtwara huanza kuulizia safari ya Mumbai. Ukikokotoa umbali mtandaoni unapewa kilomita 4,850 na saa sita na ushee. Kilomita ziko sawa. Hizo saa usizipangie chochote: zinahesabiwa kana kwamba jeti inatoka Mtwara moja kwa moja hadi India. Unapitia Dar.

Anza na kipande kifupi. Uwanja wa Mtwara uko latitudo 10.34 kusini na longitudo 40.18 mashariki, Julius Nyerere, ule wa Dar, ni 6.88 na 39.20. Tofauti ya latitudo, 3.46, zidisha kwa 111, kilomita za digrii moja, upate kilomita 384. Ya longitudo, 0.98, zidisha kwa 110 upate 108. Pythagoras atakupa kama 400. Pangaboi aina ya Dash 8-400 likishatulia angani huenda kilomita 650 hivi kwa saa, yaani dakika 37. Ongeza 20 za kutembea ardhini, kupanda na kujipanga kutua. Ndiyo maana ratiba husema saa moja.

Dar–Mumbai ni kama kilomita 4,680, na hapa tumia haversine, fomula ya umbali juu ya tufe, kwa sababu ya mviringo wa dunia. Jumla 5,080: kupitia Dar kumekuongezea kilomita 230 tu, dakika 17 za jeti. Kinachokula muda ni kusubiri.

Kwa kilomita 830 kwa saa, kipande cha Dar–Mumbai ni saa 5 na dakika 38. Mimi huongeza nusu saa. Halafu kuna upepo. Kusi lililosukuma majahazi kwenda India ni la chini. Juu, kilomita 11 na zaidi, kati ya Juni na Septemba upepo wa kaskazini mwa ikweta huvuma kutoka mashariki, ukaipiga ndege usoni. Ukiwa wa kilomita 60 kwa saa njia nzima, unakuongezea karibu dakika 27. Kurudi, unakusukuma.

Tiketi mbili tofauti ndizo huwaumiza watu. Begi linaishia Dar, ulichukue, uhamie jengo la safari za kimataifa, ujiandikishe upya. Ndege ya Mtwara ikichelewa, ya Mumbai haikusubiri wala hudai kitu. Chini ya saa nne katikati, mimi sishauri. Tiketi moja ikipatikana, ilipie hata ikizidi bei kidogo.

Saa za tiketi ni za mahali ulipo, na India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ukiondoka Dar saa 4 usiku, ukaruka kwa muda wa saa sita, unatua Mumbai saa 12 na nusu asubuhi. Kurudi, ondoka saa 2 asubuhi, unafika saa 5 na nusu, wengine wakadhani ndege imekimbia. Na tiketi ikisoma 00:30 tarehe 12, uwanjani unatakiwa usiku wa tarehe 11.