Mbio za dragi: maana yake, na kijana aanzie wapi

Mbio za dragi ni mashindano ya gari mbili zinazoondoka kutoka kusimama kabisa na kwenda mstari ulionyooka mpaka alama ya mwisho. Kona hakuna, mzunguko wa pili hakuna. Masafa ya asili ni robo maili, yaani mita 402, lakini mbio za vijana hukimbiwa nusu ya hapo, mita 201. Vitz ya lita moja huyamaliza hayo kwa sekunde 12 na kitu. Mbio nzima ni fupi kuliko muda wa kufunga mkanda na kurekebisha kioo.

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wamelijua neno hili kwenye simu, na simu huonesha moshi wa tairi na kelele za injini. Ndiyo maana huona kuwa mshindi ni yule asiyeogopa kukanyaga mafuta. Ukweli ni kwamba dragi ni mchezo wa saa, na saa haijali nani hana woga.

Ulizaliwa Marekani, na mwanzoni wakubwa waliuchukia kwa sababu vijana walishindana barabarani. Mwaka 1950 kikafunguliwa kiwanja huko Santa Ana, California, kwenye njia ya ndege. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha National Hot Rod Association, chama kilichoweka kanuni na ukaguzi na kuwatoa vijana barabarani. Chama hicho leo kina madaraja ya watoto na vijana. Wenye miaka 13 hadi 17 wanaoendesha gari ndogo za mbio zilizoundwa kwa ajili yao hawaruhusiwi kumaliza mita 201 chini ya sekunde 7.90, wala kupita maili 85 kwa saa, sawa na kilomita 137. Lipo pia daraja la JR Street, ambalo kijana huendesha gari ya kawaida ya nyumbani na kiti cha pembeni amekaa mtu mzima mwenye leseni. Kwa mzazi wa kwetu, hilo la pili ndilo la kulielewa, maana gari yenyewe inaweza kuwa ile ile ya kwendea sokoni.

Jambo la kwanza kujifunza ni mti wa taa. Ni mlingoti unaosimama katikati ya njia mbili, na Wamarekani wameuita mti wa Krismasi kwa rangi zake. Juu kabisa pana taa ndogo mbili kila upande. Gari inaposogea taratibu, tairi la mbele hukata mwale wa kwanza wa mwanga unaovuka njia, na taa ya kwanza huwaka. Ukisogea kama sentimita 18 zaidi unakata mwale wa pili, na taa ya pili inawaka. Hapo simama, usiongeze hata kidogo. Ustaarabu wa mchezo ni kusubiri taa ya kwanza ya mwenzako iwake ndipo nawe uingie kwenye ya pili. Wote wawili wakishakuwa tayari, taa tatu za manjano hushuka moja baada ya moja, kila moja kwa nusu sekunde, kisha kijani. Ukiondoka kabla ya kijani inawaka nyekundu, na mbio zako zimekwisha hapo hapo.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kusubiri kijani. Jicho lione, mguu utoke kwenye breki, giaboksi ishike, tairi lizunguke: vyote hivyo vina muda wake. Kwa gari ya kawaida, achia breki unapoona manjano ya mwisho ikiwaka. Jambo hili mtu hulifanyia mazoezi nyumbani, kwa programu ya simu yenye mti wa taa, bila kuwasha gari yoyote. Mara hamsini kwa siku zinatosha kuonesha nani ana haraka na nani ana utulivu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Gari za nguvu tofauti hushindanishwa kwa muda wa kujitangazia. Kila dereva husema kabla: gari yangu itatumia sekunde kadhaa. Tofauti ya nyakati hizo mbili hupewa mwenye gari ya mwendo mdogo kama fora ya kuanzia. Tuseme Vitz imetangaza 12.60 na Subaru imetangaza 9.80. Vitz itapewa kijani sekunde 2.80 mbele. Dereva wa Vitz akachelewa kwenye taa kwa 0.25 na akakimbia 12.64, amepoteza jumla 0.29. Wa Subaru akaondoka vizuri zaidi, 0.18, lakini akakimbia 9.95; amepoteza 0.33. Vitz imeshinda kwa 0.04, na pale mwishoni utaona Subaru iko nyuma kwa mita moja na kidogo. Je, mtu akitangaza muda mrefu kwa makusudi ili apewe fora kubwa? Akikimbia haraka kuliko alivyosema ameshindwa, isipokuwa mwenzake naye amefanya hivyo kwa kiasi kikubwa zaidi au amewasha nyekundu. Kwa hiyo anayesifiwa ni yule anayeweza kurudia safari ile ile mara tano bila kutofautiana, na kijana mwenye gari ya mama yake anaweza kumtoa mwenye turbo.

Gari ikaguliwe kabla haijasogea. Nati za rimu zikazwe kwa spana ya kupimia; kwa Toyota ndogo nyingi ni niutoni-mita 103. Betri itikiswe kwa mkono, na ikicheza hakuna mbio. Pedi za breki zibaki angalau milimita 3, na hapa visiwani tazama na mabomba ya breki, kwani chumvi ya bahari huyala taratibu bila mtu kujua. Tairi nyingi huja na gari iliyotumika, zimezeeka ingawa mchoro wake bado mzuri. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita liache. Mazulia ya sakafuni, chupa za maji, jeki na mswala wa nyuma vyote vitoke. Chupa ikiviringika chini ya pedali ya breki ni msiba. Na zima kiyoyozi mapema. Maji yake hudondoka kwenye mstari wa kuondokea, na anayekuja nyuma yako ndiye atakayeteleza.

Mavazi: suruali ndefu ya pamba na viatu vya kufunika, ndara hapana. Msichana auingize mtandio wake ndani ya nguo, na uwe wa pamba, kwa sababu nailoni huyeyukia mwilini moto ukizuka. Kofia ngumu yenye alama ya SA ya Snell, shirika linalopima kofia, imejaribiwa na kwa moto. Ile ya M ya pikipiki haikujaribiwa hivyo, hata ikiwa imeandikwa Snell.

Katika kuondoka, kumbuka kwamba Vitz, IST na ndugu zake huvutwa na tairi za mbele. Gari ikiruka, uzito hurudi nyuma na tairi za mbele hupungukiwa mzigo. Ukikanyaga yote kwa ghafla zitazunguka bure. Kanyaga nusu, kisha malizia ndani ya sekunde moja. Yale maji yanayomwagwa kabla ya mstari ili tairi zizungushwe hapo na zipate joto, yapite pembeni. Ni ya gari zenye tairi maalumu, na ya kawaida huyabeba ndani ya mifereji yake mpaka mstarini. Njiani macho yawe mbele. Anayemtazama mwenzake huivuta gari upande huo huo, na kuvuka mstari wa kati ni kushindwa. Ukisikia kishindo au ukaona mvuke, sogea pembezoni mwa njia yako usimame, usiyaburure mafuta yanayovuja mpaka mwisho. Baada ya alama, achia mafuta, funga breki ukiwa umenyooka, na aliye mbali na njia ya kutokea amwachie mwenzake atangulie.

Wengi hutaka kuliruka suala la mahali. Barabara yoyote ya kwetu, ikiwa ya Fumba, ya Chwaka au ya Chake kwenda Wete, haigeuki kiwanja kwa kuwa ni saa nane za usiku. Kwa kilomita 100 kwa saa gari inameza mita 28 kila sekunde, na taa za chini humulika kiasi cha mita 50. Gari ya ng'ombe isiyo na taa au baskeli ya mvuvi utaiona zimebaki sekunde mbili, na kusimama kunahitaji zaidi. Kiwanja kina mita 201 za mbio na baada yake masafa marefu zaidi ya kupunguzia mwendo, uzio, gari ya wagonjwa na mtu wa kuzima moto. Pasipo na hayo, kijana afanye kipande cha kwanza tu: uwanja binafsi uliofungwa, gari moja peke yake, mtu mzima pembeni, mita 18 za kuondoka kisha breki.

Mita 18 hizo si za kujifariji. Kiwanjani kila safari hutoa karatasi ya muda, na kipimo cha kwanza baada ya mwitikio wa taa ni hicho hicho. Safari moja ikisema 2.9 na inayofuata 2.6, sababu kwa kawaida iko mguuni na si kwenye injini. Usijitangazie muda wowote mpaka namba hiyo itulie.