Kumhoji mchungaji si kumwasi Mungu

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wapo waumini wanaodhani anayemhoji mchungaji amemwasi Mungu. Sivyo. Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili kupima mahubiri ya Paulo, naye alikuwa mtume! Paulo mwenyewe alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia (Wagalatia 2:11), kwa kuwa Petro alikosea, na wote wawili walikuwa chini ya Kristo, mwenye mamlaka yote. Waebrania 13:17 inatuagiza kuwatii viongozi, ni kweli, ila inaongeza kwamba nao watatoa hesabu. Basi mama anayeambiwa aache dawa za presha kwa kuwa “mtumishi amesema”, aulize bila hofu ni andiko gani, na dawa aendelee kumeza.