Ruzuku na kilimo hai Tabora: maneno ya kijiweni na hali ilivyo

Msimu wa kuandikisha wakulima wa ruzuku ukifika, kijiweni kwetu huku Sikonge hapakosi wataalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha karanga na asali cha kilimo hai, yaani kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, na haya ndiyo ninayosomewa kila siku.

"Serikali inatoa hela za kilimo hai, viongozi mnazikalia."

Laiti ingekuwa hivyo. Ruzuku iliyozinduliwa Agosti 2022 ni ya bei ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, uliokuwa umevuka shilingi 120,000, uliuzwa 70,000, na tofauti ikabebwa na serikali. Mkulima hashiki hata senti: anataja namba yake ya kuandikishwa kwa wakala, mfumo ukimkubali anaondoka na mfuko. Na hiyo DAP na urea ndiyo chumvichumvi yenyewe, ambayo mkulima hai haruhusiwi kuitia shambani. Mkakati wa Kitaifa wa Kilimo Ikolojia Hai upo, ulizinduliwa Novemba 2023 na unafika 2030, ila mkakati haupakiwi kwenye baiskeli. Kilicho karibu nasi ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mizinga kinaomba sawasawa na cha bodaboda.

"Kujiandikisha ni kujitafutia kodi."

Hapana. Kuandikishwa ni bure, na mkulima hai naye aende. Ila akipata mbegu ya mahindi ya bei nafuu aitazame kwanza: ile yenye rangi nyekundu inayobaki vidoleni imepakwa dawa.

"Sijawahi kununua mbolea, basi shamba langu ni hai."

Hili ndilo linaloniumiza kichwa. Kukosa hela ya mbolea si cheti cha kilimo hai. Mkaguzi wa cheti hicho anauliza udongo unalishwa nini, samadi inatoka zizi gani, mwaka jana palipandwa nini, jirani anapulizia nini na upepo unaelekea wapi. Tumbaku ikiwa ng'ambo ya mpaka, maswali yanazidi.

Mwenzetu mmoja alichukua mfuko wa ruzuku kwa ajili ya kishamba cha mahindi kando ya nyumba. Nusu ilibaki, akaifunga kamba na kuiegemeza kwenye magunia ya karanga. Siku ya ukaguzi nilikuwepo. Mkaguzi aliinama, akaokota sakafuni chembe nyeupe mbili tatu, akazigeuzageuza kiganjani bila kusema neno. Karanga zake zikatolewa kwenye orodha ya mazao hai msimu ule. Na angekutwa ameimwaga shambani, ingekuwa mbaya zaidi: kwa soko la Ulaya, shamba la zao la msimu linaanza kuhesabiwa upya miezi 24 kabla ya kupandwa zao la kuuzwa kama hai.

"Dawa ya kienyeji haina shida."

Mwarobaini, sawa. Lakini huku kwetu tumbaku imejaa, na watu huloweka majani yake wanyunyizie wadudu. Ni mmea, ndiyo, ila nikotini ni sumu, na masoko ya hai ya Ulaya na Marekani hayaikubali.

"Cheti ni chetu."

Tuliamini hivyo mpaka mnunuzi alipochelewesha malipo na tukataka kumuuzia mwingine. Tukaomba kuiona karatasi: jina lililoandikwa juu lilikuwa la mnunuzi, kwa sababu ndiye aliyelipia ukaguzi. Karanga zetu nje ya mkono wake zikawa karanga tu.

Kwa soko la Afrika Mashariki kuna alama ya Kilimohai, inayofuata viwango vya 2007, na wakulima wanaweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe bila kumsubiri mgeni. Tumeanza hivyo. Jumamosi hii zamu ni ya shamba langu, na lile bomba la kupulizia nililoazima nimeshalirudisha kwa mwenyewe.