Igizo la Kupinga Uonevu Halimfundishi Kijana Mapenzi

Wapo wazazi hapa Moshi wanaoamini kwamba kijana akishirikishwa katika igizo, ngonjera au uchoraji wa kupinga uonevu dhidi ya wanaodhaniwa kupenda jinsia moja, basi anafundishwa mapenzi hayo. Hofu yao inatokana na kujali malezi, lakini haina msingi.

Kinachofundishwa ni namna ya kumtetea anayeonewa. Katika mbinu iliyoasisiwa na mwanatamthilia Augusto Boal wa Brazili katika miaka ya 1970, igizo husimamishwa pale uonevu unapotokea, na mtazamaji yeyote hupanda jukwaani, akashika nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Wala waathirika si wapenzi wa jinsia moja pekee: mvulana mwenye sauti nyororo, au msichana asiyependa kusuka nywele, hutaniwa na kupigwa kwa kudhaniwa tu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao ibara yake ya 12 inamhakikishia mtoto kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Ndiyo maana igizo linapaswa kutungwa na vijana wenyewe, bila kumlazimisha yeyote kusimulia siri zake.