Nyumba ya Tharia Topan, mtaa wa Hurumzi, na wanaotaka kuongeza ghorofa

Malalamiko yanayoletwa kwetu, tunaokagua na kutoa vibali vya ujenzi, na wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaotaka kufungua hoteli yameongezeka, na karibu yote yana hoja moja: mbona tunawakatalia kuongeza ghorofa, ilhali hoteli ya mtaa wa Hurumzi imesimama juu ya mapaa ya wenziwe miaka yote hii? Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa ukamilifu.

Jengo hilo lilikuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia aliyesimamia forodha ya Sultani, na ndiye aliyeanzisha pia ujenzi wa zahanati kubwa ya ufukweni, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Jina la mtaa wenyewe hunasibishwa na kuachwa huru kwa watumwa. Nyumba ya Hurumzi ikaja kuwa hoteli, na leo inahesabiwa miongoni mwa majengo marefu kabisa ya Mji Mkongwe.

Urefu huo umebebwa na mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, katika kuta nene ambazo juu yake hulala boriti za mikoko. Boriti haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale vina upana wa mita tatu hivi hata katika nyumba ya tajiri. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa zege la chokaa ambalo watu walilitwanga kwa vigongo siku kadhaa, wakienda kwa mdundo wa nyimbo, hadi likashikana. Anayepanda hadi paani Hurumzi atakuta mkahawa ulio wazi pande zote, wageni wamevua viatu na kukaa chini juu ya mito. Hapana kuta za matofali pale, wala nguzo za zege. Huo ndio mfano tunaoletewa kama ushahidi wa kumwaga jamvi la zege la saruji juu ya nyumba ya miaka 130.

Tunasema kila siku, na tutaendelea kusema, kwamba saruji haiimarishi ukuta wa matumbawe. Ukuta huo hunyonya unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya misimu michache ya masika lipu ikigongwa kwa kifundo cha kidole hulia tupu. Linalotutia wasiwasi zaidi ni vyoo na mabafu ya ghorofani, kwa sababu kila chumba cha mgeni sasa kinataka chake. Bomba likivuja kidogo tu, kichwa cha boriti kilichomo ukutani huoza bila kuonekana. Tumewahi kufungua dari na kukimega kwa mkono kama mkate uliolowa. Tangi la lita 1,000 nalo lina uzito wa tani moja, na watu huliweka paani bila kumuuliza yeyote.

Jengo la kale likidhoofika, mwisho wake tumekwisha kuuona: Beit al-Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilianza kuanguka kwa sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mkubwa ukaporomoka na kuua watu wawili.

Kwa hiyo kibali huombwa kabla fundi hajagusa jiwe, hata kama kazi ni kubadilisha dirisha, kuziba baraza, kupitisha bomba au kupandisha tangi. Mwombaji alete uthibitisho wa umiliki, mchoro wa nyumba ilivyo na mchoro wa anachokusudia, kisha asubiri ukaguzi. Mchoro wa anachokusudia peke yake hautoshi, na wengi huleta huo tu. Kibali cha biashara ya hoteli si kibali cha ujenzi, na ruhusa ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani, si badala ya vyote viwili. Anayejenga bila kibali husimamishwa kazi, anaweza kuamriwa kubomoa kwa gharama zake mwenyewe na anaweza kufikishwa mahakamani, na kulipa faini hakuhalalishi ghorofa iliyokwisha kupandishwa. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo hatuna uhuru wa kufumbia macho.

Mwenye nyumba ambaye tayari amepiga saruji asiibandue peke yake kwa patasi, kwani hung'oa na mawe. Atuite kwanza, tuangalie boriti.