Yasemwayo vibarazani Tanga kuhusu haki za uzazi, na yaliyo kweli

Kaa kwenye baraza yoyote ya Ngamiani baada ya alasiri, utayasikia karibu yote haya kabla hujamaliza kikombe cha tangawizi. Tunayajibu kwa sababu moja. Haki nyingi za mwanamke zina saa: kuna dawa ya kuzuia VVU inayotakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kuna kidonge cha kuzuia mimba ambacho kila saa inayopita hukipunguzia nguvu. Aliyedanganywa husubiri, na akija kujua ukweli saa imeshapita.

"Haki za uzazi zimeletwa na Wazungu."

Pwani hii mwari hakuachwa ajifundishe mwenyewe. Alipewa somo, yaani mwanamke mzoefu wa kumfunda, akafundishwa hedhi, usafi, ujauzito na kuishi na mume, kwa nyimbo na mafumbo ambayo hata leo hayatamkwi mbele ya wanaume. Kuuzungumza mwili wa mwanamke ni ada ya hapa. Hata kujipanga kwa wanawake ni kwa hapa: TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipotaka kuwafikia akina mama mwaka 1955, ilimfuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, na habari za chama zikapita kwenye vikundi vya ngoma, nyumba kwa nyumba.

Na ule mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, wa Beijing, Septemba 1995, ambao watu huutaja kama kitu cha Wazungu, Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Azimio lake lilipitishwa na serikali 189, na aya yake ya 96 inasema mwanamke ana haki ya kuamua mambo ya mwili na uzazi wake bila kulazimishwa, kubaguliwa wala kutendewa ukatili.

"Wasagaji hawazai, basi haki za uzazi zinawahusu nini?"

Hapa pana makosa mawili kwa pamoja. La kwanza, wengi wao wana watoto: wameolewa, au waliolewa wakaachika, au walizaa kabla. Mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake ana kizazi kilekile, hedhi ileile na hatari zilezile za kujifungua, na akibakwa anaweza kushika mimba kama mwingine yeyote.

La pili ni historia. Hukohuko Beijing, tarehe 13 Septemba 1995, Beverley Palesa Ditsie wa Soweto alisimama mbele ya wajumbe akasema haki za wasagaji ni haki za wanawake. Maneno ya kuwalinda yaliondolewa kwenye azimio la mwisho, lakini aya ya 96 ilibaki, na leo inamlinda hata mke wa ndoa anayekataa kulazimishwa mimba ya nane.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Marekani. Hadi mwisho wa 1992, orodha ya magonjwa yaliyotumika kutambua UKIMWI ilitokana zaidi na yale yaliyoonekana kwa wanaume. Mwanamke mwenye VVU na saratani ya mlango wa kizazi angeweza kufa bila kuhesabiwa kuwa na UKIMWI, na asiyehesabiwa alikosa mafao na matibabu. Wanawake wa ACT UP, kundi la wanaharakati wa UKIMWI, wengi wao wasagaji, waliipigia kelele serikali kwa miaka. Januari 1993 orodha ikabadilishwa: zikaongezwa saratani ya mlango wa kizazi, kifua kikuu cha mapafu na nimonia inayojirudia, pamoja na kipimo cha CD4 (chembe za kinga za damu) chini ya 200. Waliofaidika ni pamoja na wanawake wengi maskini ambao hawakuwa wasagaji hata kidogo.

Neno "shoga" pia lina mambo yake. Mwanamke wa Tanga akimwita mwenzake "shoga yangu" anamtaja rafiki wa kupika naye na kutunziana siri. Neno hilohilo mdomoni mwa mwanamume barazani ni tusi. Anayeandaa mafunzo ya haki hizi ajue atakavyosikika, na ajue sheria: Zanzibar tangu 2004 inataja usagaji kwa jina na adhabu yake hufika miaka mitano jela. Kwa hiyo karatasi ya mahudhurio yenye majina kamili na namba za simu haiachwi mezani. Idadi na umri vinatosha.

"Asiyelala na wanaume hana haja ya kupimwa saratani ya kizazi."

Dhana hii inaua polepole. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho huleta saratani ya mlango wa kizazi, hupita kwa kugusana ngozi na ngozi, kwa mikono, na kwa vifaa vinavyotumiwa na wawili bila kusafishwa. Mwanamke kwa mwanamke anaambukiza. Isitoshe, wengi waliwahi kuwa na mwanamume, na kirusi kinaweza kukaa miaka kabla ya kuleta dalili.

Kipimo chenyewe hakitishi. Unalala chali, nesi anatumia kifaa cha kufungulia njia ili auone mlango wa kizazi, kisha anaupaka kwa pamba asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ndugu wa siki ya jikoni. Anasubiri dakika moja na kuangalia. Sehemu yenye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, kama ukungu wa maziwa juu ya ngozi ya waridi. Ikionekana mapema hugandishwa au kuchomwa, mara nyingi siku hiyohiyo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Usipimwe ukiwa kwenye hedhi, damu huficha. Anza ukiwa na miaka 30, na kama unaishi na VVU anza na 25. Nesi anahitaji kujua hatari uliyonayo; jina la mwenzako halimhusu, na una haki ya kutolitaja.

"Kijiti hutembea mwilini mpaka kwenye moyo. Sindano hukausha kizazi."

Kijiti cha uzazi wa mpango kina urefu wa sentimita 4 hivi, chembamba kama njiti ya kiberiti, na hukaa chini kidogo ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu. Cha njiti moja hufanya kazi miaka mitatu, cha njiti mbili miaka mitano. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mtoa huduma huchoma kwa kina mno, kijiti kinazama kwenye nyama, na siku ya kutolewa hakishikiki. Ndiyo maana kabla hujainuka kitini unapaswa kukipapasa mwenyewe, uzisikie ncha zote mbili. Usipozisikia, sema palepale. Kukitoa ni ganzi kidogo na tundu dogo, na una haki ya kutolewa siku yoyote, hata mwezi wa pili. Anayekwambia "vumilia mpaka muda uishe" anakosea.

Kwa anayetumia efavirenz kwa ajili ya VVU, dawa hiyo hupunguza nguvu za kijiti. Amwambie mtoa huduma mapema.

Sindano ya miezi mitatu haikaushi kizazi. Inachelewesha: mimba huja kwa wastani miezi kumi hivi baada ya sindano ya mwisho, hivyo anayetaka mtoto mwakani asiichague. Ukichelewa kurudi kwa wiki zisizozidi nne bado unaweza kuchomwa bila kinga ya ziada. Kukosa hedhi ukiwa nayo ni kawaida. Damu haijikusanyi popote tumboni. Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya kizazi, hukaa hadi miaka 12.

Ruhusa ya mume? Haihitajiki kwa njia yoyote ya hizi. Mwenye mwili ndiye anayekubali, na kwenye vituo vya serikali uzazi wa mpango hutolewa bure.

"P2 ni dawa ya kutoa mimba."

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, huchelewesha yai lisitoke. Mimba ikiwa imeshaingia haiitoi wala haimdhuru mtoto. Dozi ni miligramu 1.5 za levonogestreli, kidonge kimoja au viwili vya 0.75 kwa pamoja, ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, na mapema ndiyo bora. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudia. Wengi hukosea kwa kuihifadhi mpaka asubuhi "duka likifunguliwa" ilhali lipo lililo wazi mtaa wa pili. Wanaotumia efavirenz au dawa za kifua kikuu zenye rifampisini wanahitaji dozi mara mbili, au kitanzi cha shaba ndani ya siku tano. Kitanzi ndicho chenye nguvu kuliko vyote.

"Ukienda hospitali mimba imeharibika, watakukamata."

Sheria ya Bara ni kali kwa kutoa mimba: kifungu cha 150 cha Kanuni ya Adhabu kinafika miaka 14 kwa anayemtoa mwenzake mimba, na cha 151 miaka saba kwa mwanamke mwenyewe. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, ila vifungu hivyo havijabadilika. Lakini kumtibu anayevuja damu ni huduma halali, iwe imeharibika yenyewe au la. Ukilowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au ukipata homa au harufu mbaya, nenda sasa hivi. Wanaokufa ni wale waliokaa ndani kwa hofu.

"Aliyebakwa aoge kwanza, ajisitiri, ndipo aende polisi."

Ushauri huu hutoka kwa mama na shangazi wenye huruma, na unaweza kuondoa ushahidi. Asioge, asifue. Khanga na nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi ya kaki au bahasha kubwa, kila moja peke yake. Zisiingizwe kwenye nailoni: unyevu hubaki ndani na kuozesha kilichotakiwa kupimwa. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 na ziliwe siku 28 bila kuruka. P2 hutolewa safari hiyohiyo. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuwa ushahidi, hutoka polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini saa zikiwa zinakwenda, dawa kwanza.

"Kupika na kulea hakuhesabiki mkiachana."

Kunahesabika tangu 1983. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia nyumba, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizowahi kupewa na mume zilishafidia mchango wake, lakini kauli ile imewafaa wanawake wengi baada yake.

Panapokwama ni kwenye karatasi. Kabla ya kufungua shauri la talaka unapaswa kupita baraza la usuluhishi la ndoa, na Waislamu wengi wa hapa hupitia BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Isome kabla hujatoka: lazima iseme kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati inayosema tu "wamefika barazani" hurudishwa, na wakati unahangaika kuipata nyingine, nyumba inaweza kuwa imeshauzwa.