Msitu wa kijiji una mwenyewe

"Lile pori halina mwenyewe, limekaa tu." Kauli hii imesemwa tena, safari hii na mtu ambaye sahihi yake inahamisha ardhi, na nimechoka kuijibu pembeni baada ya kikao.

Kwa Tanzania jibu liko wazi. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaigawa mara tatu: ya jumla (iliyo chini ya serikali kuu), ya hifadhi na ya vijiji. Msitu ulio ndani ya mipaka ya kijiji ni ardhi ya kijiji, hata kama jembe halijawahi kuugusa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inaiweka mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini, na mdhamini hagawi mali ya wenyewe bila kuwauliza.

Wenyewe ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Halmashauri, yenye wajumbe 15 hadi 25, inasimamia. Kamati ya Maliasili inafanya doria, inapendekeza na kutoa taarifa kwa Halmashauri. Nimeyarudia haya kwa makusudi, kwa sababu migogoro mingi ya misitu huanzia hapa: kamati inajipa mamlaka ya kutoa vibali, au mwenyekiti anagonga mhuri kwenye barua ya mwekezaji akidhani mhuri ndio kijiji. Mhuri wa mwenyekiti bila uamuzi wa Mkutano Mkuu haugawi hata robo ekari.

Ukitaka kujua kama wananchi waliamua kweli, soma muhtasari wa mkutano. Anza na ajenda. Kama suala la ardhi limepitishwa chini ya "Mengineyo", simama hapo: wananchi hawakuitwa kujadili ardhi. Kisha tazama orodha ya mahudhurio. Je, tarehe yake inalingana na ya muhtasari? Majina yametoka vitongoji vyote, au kile kilicho jirani na ofisi tu? Sahihi thelathini zenye mwandiko mmoja si akidi. Maneno "wajumbe wote waliridhia" pia hayatoshi. Andika waliokubali, waliokataa, na ukubwa wa eneo kwa hekta pamoja na alama za mipaka. "Kutoka mtoni hadi kilimani" itawagombanisha wajukuu.

Uhaulishaji, yaani kuihamisha ardhi kutoka kundi moja kwenda jingine, ndio unaoniumiza zaidi, maana kijiji huambiwa kinakodisha. Ardhi ikihaulishwa inatoka kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ya jumla. Mradi ukifa, hairudi yenyewe. Eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa; likizidi hapo anaamua Waziri, lakini baada ya kupata maoni ya kijiji. Anayewaita wananchi "wabariki" kitu kilichokwisha kuamuliwa ameruka hatua ya kisheria.

Sasa nikiri jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka. Sheria Na. 4, inapotafsiri ardhi ya jumla, inaingiza ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika". Tafsiri ya Sheria Na. 5 haina maneno hayo. Hapo ndipo watu wa "pori lisilo na mwenyewe" wanapojishikiza, na siwezi kukuhakikishia kwamba mlango huo umefungwa. Ninachojua ni kwamba kijiji chenye mpango wa usimamizi na daftari la doria kina ushahidi mezani kwamba msitu wake unatumika.

Kwa hiyo tangazeni msitu kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji. Mnahitaji Cheti cha Ardhi ya Kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, mpango wa usimamizi, sheria ndogo, kisha kuandikishwa katika rejista ya halmashauri ya wilaya. Baada ya miaka 3 mnaweza kuomba msitu utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kazi hukwama kwenye sheria ndogo: Mkutano Mkuu umepitisha, faili limelala wilayani, na kamati imeshaanza kutoza faini. Faini hiyo haina miguu mahakamani. Fuatilieni hadi baraza la madiwani liidhinishe, na kila faini iwe na stakabadhi.

Kuchelewa kuna gharama. Ndani ya hifadhi ya msitu wa kijiji iliyotangazwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, mapato yanabaki kijijini. Nje yake, kwenye ardhi hiyohiyo ya kijiji, mninga na mpingo huvunwa kwa leseni ya serikali, na mrabaha, yaani malipo ya mti unaovunwa, unakwenda huko. Uvunaji nao una nidhamu yake: kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na nyundo ya kutia alama hugongwa kwenye gogo na kwenye kisiki. Kisiki kikikosa alama, doria haiwezi kutofautisha mti uliouzwa na ulioibwa.

Mashaka yangu makubwa yako kwa wasio wakazi. Mfugaji anayepitisha ng'ombe kila kiangazi hapigi kura kwenye Mkutano Mkuu, lakini msitu ukifungwa ni yeye anayekosa malisho na maji, naye ataingia usiku. Sheria Na. 5 inaruhusu vijiji kuwekeana makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Kule Kiteto, mkoani Manyara, msitu wa SULEDO, uliopewa jina kutokana na Sunya, Lengatei na Dongo, unasimamiwa na vijiji vingi kwa pamoja, kwa hiyo inawezekana. Ila makubaliano hayo yataje njia ya mifugo, kisima na miezi ya kuingia, na kijiji anachotoka mfugaji kiwe kimesaini kabla kamati haijasimika bango la kwanza.